Ziara ya miguu kuhusu wanawake wa Chuo Kikuu cha Cambridge: nyota nne, na magoti yangu bado yanauma

Nianze na bei, maana najua ndiyo wengi mnayoitafuta kwanza. Pauni 20 kwa mtu mzima, pauni 16 kwa mstaafu, saa mbili za kutembea katikati ya mji wa Cambridge, Uingereza. Tulikuwa watu 11. Kampuni yenyewe ni ndogo, ina waongozaji wachache tu, na jina lake silitaji kwa sababu nina manung'uniko mawili matatu na sipendi kumharibia mtu riziki.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Nimefundisha sekondari miaka 31, na kila nilipopata kidato cha tatu kipya nilikuwa naandika jina moja pembeni mwa ubao bila kueleza: Philippa Fawcett. Likikaa wiki nzima, lazima msichana mmoja aulize, "Mwalimu, huyo ni nani?" Hapo ndipo nilipokuwa nikiwasimulia habari za msichana huyo aliyefanya mtihani wa hesabu Cambridge mwaka 1890. Kwa hiyo binti yangu, anayefanya kazi huku, aliponiambia kuna ziara inayohusu wanawake wa chuo hiki peke yao, sikuuliza bei. Alikata tiketi mbili kwenye simu palepale mezani.

Ziara inaanza saa nane mchana mbele ya kanisa la Great St Mary's. Mwongozaji wetu alikuwa binti wa makamo ya mwanangu, anasomea shahada ya uzamivu ya historia, amebeba mwavuli wa zambarau na faili la picha za zamani zilizotiwa plastiki. Msemaji mzuri, mcheshi, ila hana kipaza sauti. Siku hiyo kulikuwa na upepo, na mtaa wa King's Parade una baiskeli na watalii kama siku ya gulio. Ukisimama nyuma hupati kitu. Mara mbili nilimwona bwana mmoja mbele anacheka, nikacheka na mimi ili nisionekane kituko.

Kitu cha kwanza kilichonikwaza ni hesabu yake. Alifungua kwa kusema Cambridge imekuwa na wanawake tangu mwaka 1869. Hilo ni kweli nusu, na nusu yenyewe ndiyo ndogo. Mwaka 1869 Emily Davies, mpigania elimu ya wanawake, alifungua koleji (nyumba ya kusomea na kulala) ya wasichana watano, na hakuifungulia Cambridge. Aliifungulia Hitchin, mji ulio njiani kuelekea London, kwa sababu kuwaleta wasichana karibu na maelfu ya vijana wa kiume kulionekana ni kutafuta balaa. Walimu walipanda treni kuwafuata huko. Mwaka 1873 ndipo koleji ikahamia Girton, na hata hapo ni kijijini, kama kilomita nne kutoka mjini. Chuo kikuu chenyewe hakikuwatambua wanawake kuwa wanachama wake kamili hadi mwaka 1948. Toa 1869 kwenye 1948. Ni miaka 79. Ukianza kuhesabia mwanzo tu, miaka 79 inameza mate na kunyamaza, nawe unatoka ukidhani mlango ulifunguliwa siku moja na kila mtu akapiga makofi.

Nilimwambia baadaye, kwa adabu. Alikubali, akasema maneno hayo yamo kwenye karatasi aliyopewa na ofisi. Sawa. Nami nilikuwa nikifundisha vitabu vya wizara, najua ilivyo.

Kituo cha pili ndicho nilichokifuata. Jumba la Seneti, ukumbi wa sherehe za chuo kikuu. Ni jengo jeupe la nguzo ndefu, limekamilika mwaka 1730, lina uwanja wa majani yaliyokatwa kama zulia na uzio wa vyuma mbele. Hamwingii ndani. Mnasimama uzioni. Binti yangu alidhani nitavunjika moyo lakini mimi nilishika vyuma vile na kutulia.

Ndani mle ndimo matokeo ya mtihani wa hesabu, Tripos, yalikuwa yakisomwa kwa sauti, jina baada ya jina, kuanzia wa kwanza. Waliopata daraja la juu kabisa wanaitwa Wrangler, na wa kwanza wao, Senior Wrangler, alikuwa mtu wa kuandikwa magazetini Uingereza nzima. Wa mwisho naye hakuachwa: wenzake walimteremshia kijiko kikubwa cha mbao kutoka roshanini. (Utaratibu wa kuwapanga kwa nafasi uliachwa mwaka 1909. Mimi ningeufuta mapema zaidi. Nimeona nafasi ya darasani inavyomfanya mtoto.)

Wasichana walianza kufanya mtihani huu kwa hisani tu, mtahini akipenda asahihishe, asipopenda basi. Mwaka 1880 Charlotte Angas Scott wa Girton alipata alama za nafasi ya nane. Jina lake halikuruhusiwa kusomwa. Msomaji alipofika wa nane na kutaja jina la mwanamume, vijana mle ndani wakapiga kelele kumfunika: "Scott of Girton!" Vijana wa kiume, tena. Mwaka uliofuata, 1881, chuo kikaruhusu rasmi wasichana wafanye mitihani na matokeo yao yatangazwe. Digrii hakuna. Orodha yao inasomwa ya pili, kando, na nafasi zao zinatajwa kwa kulinganishwa na za wanaume: huyu yuko sawa na wa ishirini, yule yuko kati ya fulani na fulani.

Sasa njoo mwaka 1890. Orodha ya wanaume imekwisha kusomwa, Senior Wrangler ameshangiliwa. Inakuja ya wanawake. Jina la Philippa Fawcett wa Newnham, koleji nyingine ya wasichana, umri miaka 22, na nafasi yake: juu ya Senior Wrangler. Alama zake zilimpita yule wa kwanza kwa asilimia 13. Haikuwa bahati ya swali moja.

Mwongozaji alilisimulia hili vizuri sana, nampa haki yake. Alifungua faili akatuonyesha picha ya Philippa, akaeleza kwamba mama yake ni Millicent Fawcett, yule aliyeongoza harakati za wanawake kupata kura na ambaye sanamu yake iko leo Parliament Square, London. Baba yake, Henry, alikuwa profesa hapahapa Cambridge na alikuwa kipofu. Lakini baada ya dakika sita tukaambiwa twende. Nikauliza, "Na baada ya hapo alifanya nini?" Akajibu kwamba alifundisha Newnham. Ni kweli, alifundisha kama miaka kumi. Nikaona hamalizii, nikamalizia mwenyewe mbele ya wageni wale: baada ya vita vya Makaburu alikwenda Transvaal, Afrika Kusini, kusaidia kuanzisha shule, kisha akarudi London akafanya kazi ya elimu katika halmashauri ya jiji hadi mwaka 1934. Binti yangu alinivuta mkono: "Mama, wamelipa kumsikiliza yeye, si wewe." Mwongozaji kwa bahati nzuri aliandika kwenye daftari lake.

Kuna jambo moja sikulisema pale maana sauti ingeniishia. Nitalisema mbele.

Tukavuka barabara hatua kumi tu hadi duka la vitabu lililo kwenye kona ya Trinity Street, linalotazamana na Jumba la Seneti. Mahali hapa vitabu vimeuzwa tangu mwaka 1581. Lakini tulikuja kwa ajili ya dirisha la juu. Mei 1897 ilipigwa kura kama wanawake wapewe digrii. Waliokuwa na haki ya kupiga kura ni wahitimu wa shahada ya uzamili, wote wanaume, popote walipo, hata kama ni mchungaji wa kijijini aliyeondoka chuoni miaka 40 iliyopita. Treni maalumu zilipangwa kuwaleta kutoka London. Kwenye dirisha lile vijana walining'iniza sanamu la mwanamke juu ya baiskeli, amevaa suruali fupi za kupandia. Kulikuwa na bango lililogeuza maneno ya Shakespeare kuwaambia wasichana waende zao Girton, waende Newnham, hapa hapana mahali pao. Picha ya siku hiyo ipo na ndiyo picha bora kwenye faili lote: kofia, kofia, kofia, uwanja umefurika wanaume watupu, na sanamu linaning'inia juu yao.

Kura za kukataa zilipita 1,700. Za kukubali hazikufika 700. Vijana wakarusha mayai, unga na fataki, wakalishusha sanamu, wakaenda nalo mbio hadi Newnham na kusukumiza vipande vyake getini.

Hapa mzee mmoja Mmarekani katika kundi letu aliuliza swali ambalo kila mtu mwenye akili angeuliza. Kama walikwisha wafundisha, wakawatahini, wakawatangazia matokeo, tatizo la karatasi moja lilikuwa nini? Mwongozaji akajibu "ubaguzi wa zama zile" na kutembea. Jibu hilo ni la mkato mno kwa pauni 20. Digrii ya Cambridge haikuwa karatasi. Ukiwa nayo, ukafikia uzamili, unakuwa mwenye chuo: unapiga kura juu ya kanuni zake, unachagua wakuu wake. Mwanamke angeingia kwenye chumba kile na mkono wake ungehesabiwa. Ndiyo maana watu walipanda treni. Tena kumbukeni hawa ni watu ambao koleji zao nyingi zilitaka mwalimu akioa aache nafasi yake, hadi kanuni mpya za mwaka 1882. Mwanamke kwao alikuwa mfua nguo au dada ya mtu aliyekuja kutembea.

Nilikuwa nikimweleza hayo yule Mmarekani tukitembea, na ndivyo nilivyokosa kituo cha nne, lango la koleji moja kubwa. Sikujali. Ziara hii ina vituo vingi vya namna hiyo: hapa ni koleji fulani, iliingiza wanawake mwaka fulani. King's, Clare na Churchill 1972. Majengo mazuri, sikatai, lakini tarehe bila kisa ni kama jibu bila njia. Nilikuwa nakata alama.

Kule Bene't Street tulisimama mbele ya baa ya The Eagle kwa sababu kila ziara ya Cambridge husimama hapo. Wanasayansi Watson na Crick walitangaza humo mwaka 1953 kwamba wamegundua umbo la DNA. Rosalind Franklin, ambaye picha zake za eksirei zilikuwa nguzo ya kazi ile, alisoma Newnham kuanzia mwaka 1938, enzi ambazo msichana alipewa cheo cha digrii bila uanachama. Kibao cha zamani ukutani hakikumtaja, na mtu alikikwaruza akaongeza jina lake. Hicho kituo kilikuwa cha dakika tano na kilitosha.

Halafu tukakaa. Asante Mungu. Mwongozaji alituketisha kwenye ukuta mfupi karibu na mto, mashua bapa zinapita zikisukumwa kwa pondo, akatusimulia kisa ambacho sikuwahi kukisikia maishani, na kwa hicho peke yake ningerudi. Kuanzia mwaka 1904 hadi 1907 Trinity College ya Dublin, ambayo ilikuwa na makubaliano ya zamani na Oxford na Cambridge ya kutambuliana, iliamua kuwapa digrii wanawake waliofaulu kule ambako hawapewi. Basi wakaanza kupanda meli. Walimu wakuu wa shule, wanawake wenye mvi, wanavuka bahari kwenda Dublin, wanavaa joho la kukodi, wanatunukiwa, wanarudi kazini. Karibu 700 walifanya hivyo na watu wakawapa jina la mabibi wa meli. Nilicheka mpaka machozi, kisha sikucheka tena. Mimi nimesimamia mahafali mengi. Najua mtu anavyoishika ile karatasi.

Kutoka pale hadi Newnham ni mwendo kidogo, na hapa niwaonye wenye magoti kama yangu: mwongozaji hakukumbuka kwamba kuna wazee. Mawe ya barabarani hayalingani, na msala haupo popote hadi mwisho wa safari. Nilifika nikiwa wa mwisho.

Lakini Newnham ni pazuri jamani. Matofali mekundu, madirisha meupe, bustani ndefu. Koleji ilianza mwaka 1871 na wasichana watano katika nyumba ya kupanga pale Regent Street, chini ya uangalizi wa Anne Clough, na hadi leo inapokea wanawake tu. Mwongozaji alisema Emily Davies wa Girton na watu wa Newnham walikuwa hawaelewani, akalieleza kama ugomvi wa wanawake wawili. Mimi nalijua lile kama suala la walimu. Davies alisisitiza wasichana wafanye mtihani uleule, kwa muda uleule, pamoja na Kigiriki na Kilatini, hata kama hawakuwahi kufundishwa nyumbani. Clough alisema msichana aliyekuja akiwa nyuma apewe nafasi, afanye kile anachokiweza kwanza. Kwa miaka mingi ya kazi nilikuwa upande wa Clough. Darasani unamwona mtoto, huwaoni wale wapiga kura wa Jumba la Seneti. Pale getini nikaanza kumwelewa Davies: ukiomba mtihani mwepesi leo, kesho watasema ndiyo maana ulifaulu.

Na geti lenyewe. Ni la shaba, limefanyiwa maua ya kunyongoroka, limewekwa kwa kumbukumbu ya Anne Clough. Oktoba 1921 ilipigwa kura nyingine, mwaka mmoja baada ya Oxford kuwapa wanawake digrii zao. Cambridge ikakataa tena, ikatoa cheo cha digrii kisicho na uanachama. Vijana wakaja na mkokoteni, wakaubamiza kwenye geti hili kama gogo la kubomolea malango vitani. Walikuwa wameshinda, lakini bado wakaja kuvunja. Mwongozaji alisimama kimya hapo karibu dakika nzima, akaacha watu wapite mikono kwenye shaba. Hakuharakisha. Hapo alipata nyota yake ya nne.

Nikamwuliza kama anajua Philippa Fawcett alifariki lini. Hakujua. Hili ndilo nililolibakiza uzioni. Kanuni ya kuwapa wanawake digrii iliidhinishwa na mfalme mwaka 1948. Philippa alifariki tarehe 10 Juni, 1948, wiki chache tu baadaye, akiwa na miaka 80. Ilikuwa imepita miaka 58 tangu siku ile ya Jumba la Seneti. Mwanamke wa kwanza kutunukiwa, Oktoba mwaka huohuo, alikuwa malkia, mke wa mfalme, digrii ya heshima. Mwongozaji aliandika tena kwenye daftari, mara hii bila kunitazama.

Mwishoni akatutajia mambo mawili haraka. La kwanza, Dorothy Garrod alichaguliwa profesa wa akiolojia mwaka 1939, mwanamke wa kwanza Cambridge, akawa profesa wa chuo ambacho yeye si mwanachama wake. Anasaini mitihani ya watu wenye haki kuliko yeye! La pili, Magdalene, koleji ya mwisho ya wanaume watupu, ilipoingiza wasichana mwaka 1988 baadhi ya wanafunzi wa kiume walivaa vitambaa vyeusi mkononi na kushusha bendera nusu mlingoti. Mwaka 1988 mimi nilikuwa kazini tayari, nasahihisha madaftari. Hiyo si historia kwangu.

Girton haimo katika ziara. Hili ni kosa kubwa kuliko kipaza sauti. Kesho yake nilipanda basi na binti yangu tukaenda wenyewe, tukaishia getini tukatazama mnara wa matofali mekundu uliosanifiwa na akina Waterhouse. Nilitaka tu kuona ule umbali. Msichana alitoka huku kwa gari la farasi kwenda kusikiliza mhadhara, akiwa na mama wa kumsindikiza, baada ya mwalimu kukubali kwa hiari yake kumpokea. Kwa basi ni dakika chache. Kwa farasi, Januari, mvua ya barafu, kwenda kufanya hesabu za Tripos, mpanga ziara alipaswa kutuonyesha hata kwa ramani.

Kwa hiyo: nyota nne. Vaeni raba, simameni mbele, nendeni msalani kabla ya saa nane, na mkipata yule mwenye mwavuli wa zambarau mwulizeni habari za meli za Dublin, maana si lazima azitaje akichelewa. Tiketi ukiifuta siku moja kabla wanarudisha fedha yote. Mkwe wangu alilazimika kufuta yake na ilirudi siku ya tatu. Amepanga tena Jumamosi ijayo. Nimemwambia nitamsindikiza hadi Jumba la Seneti tu, kisha nitamsubiri kwenye benchi.